Taimingi: programu inasema 12, taa inasoma 24, injini inatetemeka. Ushauri wakuu

Mwenye uzi
Wakuu, naombeni msaada. Injini ni silinda 4, lita 1.6, haina turbo. Disitributa (kigawa cheche cha zamani) imetolewa, sasa kuna koili pacha (moja ya silinda 1 na 4, nyingine ya 2 na 3), gurudumu la meno 36 lililotolewa jino moja kwenye puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), sensa ya sumaku ya waya mbili na kompyuta ya kutuni. Kemshafti (shafti inayofungua valvu) ni kali kuliko ya kiwandani. Ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, mizunguko kwa dakika inapanda na kushuka kati ya 700 na 1,200. Ikifika 4,000 inakatakata. Nimefunga taimingi (cheche inapiga digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu) isibaki ikibadilika, digrii 12 kwenye programu, lakini taa ya kupimia taimingi inasoma 24. Nipunguze 12 kwenye ofseti (pembe inayoiambia kompyuta jino lililotolewa liko wapi ukilinganisha na pistoni ikiwa juu)?

fundi_cheche
Usiguse ofseti mkuu. Bila shaka taa yako ni ile ya kuzungusha digrii (unazungusha kitufe mpaka alama ya puli irudi sifuri, kisha unasoma kitufe). Koili pacha hupiga cheche kila mzunguko wa krenki: moja silinda ikibana, nyingine ikitoa moshi, na hiyo ya pili haiwashi kitu. Taa inatarajia cheche moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo inadhani injini inakwenda kasi mara mbili na kukusomea digrii mara mbili. Hiyo 24 ni 12 halisi. Ukipunguza 12 utabaki na sifuri: nguvu inapotea na egzosi inachemka kupita kiasi.

Rudisha taa kwenye sifuri, usome alama za puli moja kwa moja. Kama hakuna alama ya 12, ichore. Puli ya kipenyo cha milimita 140 ina mzingo wa 440, gawa kwa 360, zidisha kwa 12: unapata milimita 14.7 toka alama ya sifuri.

bisibisi_bapa
Na hiyo alama ya sifuri ithibitishwe kwanza. Puli yenye mpira katikati huchoka, pete ya nje inateleza, alama inahama nayo. Chomoa betri, toa plagi zote, funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la silinda 1. Zungusha krenki kwa spana, taratibu, kamwe usitumie stata, mpaka pistoni iguse, weka alama. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, weka ya pili. Katikati ya hizo mbili ndipo pistoni iko juu kabisa.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Puli iko sawa. Taa ikiwa sifuri nasoma 12 kwenye mizunguko 1,000, lakini kwenye 4,000 inashuka hadi 7 na alama inarukaruka.

fundi_cheche
Hapo ndipo penye ugonjwa. Taimingi ikifungwa, alama haitakiwi kusogea. Ingeteleza digrii moja au mbili kwa utulivu, ningesema ni ucheleweshaji wa koili, unasahihishwa kwenye programu. Kurukaruka maana yake ishara ya sensa ya krenki ni mbovu, na kwa sensa ya sumaku mtuhumiwa wa kwanza ni waya zilizogeuzwa: kompyuta inasoma ukingo usio sahihi wa jino na pengo linaipotosha. Geuza waya, au badilisha ukingo kwenye programu, usifanye vyote viwili. Kisha pima ofseti upya, maana lazima itakuwa imehama.

Hakikisha pia gurudumu haliyumbi na sensa iko karibu milimita 1 toka kwenye meno. Kinga ya waya wa sensa (wavu wa chuma unaouzunguka) ipigwe graundi upande wa kompyuta tu, mbali na waya za plagi. Plagi ziwe za rezista (zinazopunguza kelele za umeme).

krenki_moja
Kuhusu sailensa, hiyo ni kemshafti. Valvu za kuingiza na kutoa zinakaa wazi pamoja muda mrefu, hewa isiyoungua inapita mpaka egzosi, sensa ya oksijeni inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza, plagi zinajaa masizi. Zima marekebisho ya sensa ya oksijeni kwenye sailensa. Lenga mizunguko 1,000 hadi 1,100, taimingi digrii 15 hivi, na mizunguko ikiwa chini ya hapo ongeza digrii 3 ili injini ikizama ijiinue yenyewe. Kabla ya yote hayo kagua gasketi ya manifoldi na mipira ya vakyumu, hewa ya wizi inaleta dalili hizihizi.

Ramani ya mafuta (jedwali la kiasi cha mafuta kwenye kompyuta) iache kabisa mpaka alama, taimingi ikiwa imefungwa, itulie kwenye 12 kuanzia chini hadi 4,000. Na plagi zenye masizi badilisha kabla ya kutuni upya, pengo milimita 0.8.