Tupeane uzoefu: yaliyotukuta relini, na yale ambayo magazeti huyakosea

Mwana wa Barani, Malindi

Assalaam aleikum jamaa. Najua kwetu hakuna reli. Ukitaka treni ni mpaka ufike Mombasa kwanza. Lakini nani hapa hajapanda, au hajasindikiza mtu? Nafungua mimi.

Tulikuwa kwenye matatu tukitoka mazikoni huko ndani ya Mazeras, barabara ya vumbi inayokatiza reli ya zamani. Honi ya treni tuliisikia sote. Dereva akakanyaga mafuta badala ya breki, na gari likazimika juu ya reli. Mama aliyekuwa mbele yangu amepakata kapu la maembe. Hakupiga kelele, alilikumbatia kapu tu. Embe moja likabiringika hadi mlangoni, likaangukia kwenye kokoto. Utingo alishuka na wanaume watatu wakasukuma. Tulipotoka tu, kichwa cha treni kikapita nyuma yetu na vumbi likaingia madirishani.

Siku mbili baadaye nikasoma kwenye gazeti: "Treni nusura igonge matatu." Iliniuma. Treni ilikuwa kwenye njia yake. Ni sisi tuliokwenda kuiziba.

Mstaafu wa Reli

Waaleikum salaam mwanangu. Umelisema jambo lililonikaa moyoni miaka mingi. Nilikuwa kwenye genge la reli, wale mafundi wa njia, kabla ya kurudi kwetu Malindi. Gurudumu ni chuma na reli ni chuma, kwa hivyo hazishikani kama mpira na lami. Treni ya mizigo ikishachanganya mwendo, dereva akafunga breki zote, inaweza kwenda kilomita nzima na zaidi ndipo isimame. Wala haina usukani. Nikisoma "dereva wa treni alishindwa kulikwepa gari," najua aliyeandika hajawahi kusimama relini.

Yangu ni hii. Masika, alfajiri, nakagua njia kwa miguu. Mahali fulani nikasikia maji yakipita chini yangu, na hapo hapana kalivati. Kuinama na taa: kokoto zimechukuliwa zote, mataruma sita, yale ya kulalia reli, yananing'inia kama ngazi ya kamba. Nilikimbia kuielekea treni inakotokea, nikafunga juu ya reli vile vibaruti vinavyolipuka gurudumu likivikanyaga, nikasimama na taa nyekundu. Ikasimama. Dereva akashuka, akaja akatazama, akakaa kitako palepale. Hatukusemezana.

Wa Ngai Ndethya hawakuipata bahati hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria ya njia ya Mombasa na Nairobi ilitumbukia mtoni hapo, mafuriko yalikuwa yamelivunja daraja. Walikufa watu zaidi ya 100. Kila mvua ikinyesha usiku nawakumbuka.

Bi Msafiri, Maweni

Mzee wangu shikamoo. Hilo la mataruma limenisisimua mwili.

Langu halikutoa damu lakini lilinigharimu. Nilikuwa nampeleka mwanangu hospitali Nairobi. Tiketi imeandikwa Mombasa, nami stesheni ya Mombasa niijuayo tangu utoto ni ile ya mjini. Nikashuka hapo na mtoto mgongoni, nakuta kimya. Mzee mmoja wa mkokoteni akaniambia, "Dada, hiyo ya sasa iko Miritini." Nikachukua tuktuk. Nilipofika, mabegi ya watu yamepangwa mstari chini, mbwa ananusa, nikadhani nimewahi. Kumbe hao ni wa treni inayofuata. Yetu nikaiona inaondoka. Nyinyi mnaotoka Malindi na Lamu, tafadhali mwambieni kila mgeni wa safari: ni Miritini, na afike mapema, kwa sababu lango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka.

Kijana wa Langoni, Lamu

Huku kwetu reli imeleta hasara kabla haijafika. Mradi wa bandari, barabara na reli ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Reli ya kwenda Isiolo haijatandikwa hata taruma moja. Lakini ramani za magazetini zinaichora kwa mstari mweusi uleule wa reli ya Mombasa, na msomaji anajuaje kwamba moja ipo na nyingine ni mpango? Dalali alimjia ami yangu na gazeti la namna hiyo mkononi, akaweka kidole pale kwenye ramani: "Stesheni ni hapa." Ami akauza mashua yake, akanunua kiwanja kijijini Hindi, huku huku Lamu. Mpaka leo hupita pale akatazama vichaka. Mashua aliijenga baba yake.

Mwandishi angeandika neno moja tu kando ya ule mstari, "unapangwa".

Mwalimu wa Historia

La haraka. Simba wawili wa Tsavo, wale waliokula wajenzi wa reli, waliuawa Desemba 1898. Afisa wa polisi Charles Ryall alivutwa na simba kutoka ndani ya behewa pale Kima, Juni 1900. Ni simba mwingine, mahali pengine, lakini kila mwaka nasoma makala zinazoviunganisha visa hivi viwili. Wanafunzi wangu huja nazo darasani.

Dereva, njia ya Malindi–Mombasa

Nimesoma yote tangu juu. Mzee shikamoo.

Na mimi siku moja nilikimbizana na treni kwenye kivuko cha reli, gari limejaa. Nilivuka. Abiria wakanitukana, wengine wakanisifu. Msichana mmoja wa sare ya shule akagonga bodi, akashuka palepale porini, akakataa hata nirudishe nauli yake. Alisimama kando ya barabara akingoja gari jingine. Sijawahi kuvuka reli bila kusimama tangu siku hiyo.