Hivi ni kweli sisi weusi tunaogopa kupima kansa kuliko wazungu? Dada yangu yuko Houston kagoma kabisa

MamaWawili_Mbagala

Habari zenu wadau, naomba mnisaidie mawazo maana nimechoka kubishana kwenye simu. Dada yangu yuko Houston mwaka wa 14 huu, analea wazee kwenye majumba yao, ana miaka 47, bima anayo, gari analo. Hospitali wamemwandikia barua aende mammogramu, ile mashine ya kupiga picha matiti, na hii ni barua ya tatu. Kaibandika kwenye friji na sumaku ya Mlima Kilimanjaro niliyompa mimi mwenyewe airport, yani kila tukipigiana video naiona ile pale nyuma ya kichwa chake anavyokoroga uji. Nikimuuliza vipi umeenda? "Siumwi, sina uvimbe, niende kutafuta nini, we hujui anayetafuta hupata?"

Sasa kuna jirani yake mmama wa kizungu umri uleule, huyo anaenda kupima kama anavyopeleka gari sevisi, akirudi anapita kununua keki. Nikimwambia dada, ananijibu "hao ni wazungu".

Kinachoniuma zaidi mama yetu mdogo alikufa na kansa ya titi 2011. Alificha mpaka titi likatoboka, tulikuwa tunafukiza udi chumbani asubuhi na jioni ili wageni waweze kukaa. Dada aliyaona yote hayo kwa macho yake, ndo aliyekuwa anambadilisha vitambaa kipindi amekuja likizo!

Swali langu: ni rangi, ni malezi, ni dini, au ni ubishi wa familia yetu tu? Mwenye uelewa aniambie nimwambie nini.

---

Kiboko_wa_Buza

Dada yako namuelewa 100%. Mi nina 52, mwaka jana kazini walileta madokta tukapimwa presha, sukari, macho, safi kabisa, kufika kwenye tezi dume nikaona daktari anavaa glavu moja ya mkono wa kulia. MOJA. Nikamwambia naenda kupokea simu, mpaka leo naipokea 😂 Bora nife na heshima zangu.

---

Sista_Mstaafu

@Kiboko_wa_Buza cheka tu mwanangu, nimekaa wodini miaka 31 nimewaona wengi wa heshima zao wanaletwa wamebebwa mgongo hauwezi kunyooka, kansa ya tezi imeshaingia kwenye mifupa. Na kwa taarifa yako siku hizi wanaanza na damu, kipimo kinaitwa PSA, unatoa mkono unaondoka. Kikiwa juu sio lazima iwe kansa, inaweza kuwa tezi imevimba tu kwa umri au una maambukizi kwenye mkojo, ndo wanaangalia zaidi. Hicho kidole unachokiota usiku hakizidi nusu dakika.

MamaWawili, mwanangu, pole kwa mama mdogo. Nikuambie nilichokiona mimi. Watu wa hapa Dar wanaogopa Ocean Road, ile hospitali ya kansa, kama kaburi, utasikia "ukienda kule hurudi". Sasa wengi hawarudi kwa sababu wameenda kansa ikiwa hatua ya tatu au ya nne, wamepita kwanza kwa mganga, kwa mchungaji, kwa sheikh, dawa za mizizi, halafu ndo Ocean Road. Mtaa unamwona aliyekwenda amekufa, haumuoni aliyewahi akapona maana huyo hatangazi, anarudi kuuza vitumbua vyake kimya. Basi hofu inazaa uchelewaji na uchelewaji unazaa hofu nyingine.

Kansa inayotumaliza zaidi wanawake hapa kwetu ni ya mlango wa kizazi, halafu kipimo chake hata mashine hakihitaji. Unalala kitandani, nesi anapaka siki ndani kwenye mlango wa kizazi, ndio, siki kama ya kwenye kachumbari ila imepimwa, anasubiri kama dakika moja anaangalia na tochi. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ikiwa ndogo wanaichoma kwa joto au wanaigandisha siku hiyohiyo, unashuka kitandani unarudi kupika. Hiyo hata bado haijawa kansa, ingekaa miaka kumi au zaidi ndo igeuke. Vituo vya serikali ni bure. Na bado siku nyingine nilikuwa nakaa na bakuli langu la siki mpaka saa saba mchana wamekuja wawili.

---

Mzee_wa_Wilmington

Mleta mada mi nilikaa Marekani miaka 19, Delaware, nimerudi nipo Kigamboni nafuga kuku. Hili swali kule wanalijadili sana ila ngoja nikutoe kwenye kitu kimoja, sio kweli kwamba mweusi wa kule hapimi. Kwenye mammogramu wanawake weusi wa Marekani wanapima sawasawa na wazungu, muda mwingine wanawazidi kidogo. Na kuugua titi wanaugua pungufu kidogo kuliko wazungu. Lakini kufa wanakufa zaidi kwa kama asilimia 40! Sasa hapo jiulize, kama kupima wamepima, wanakufa na nini? Kuna aina ya kansa ya titi kali ambayo dawa za homoni haziiwezi, wao inawapata kama mara mbili ya wazungu. Halafu kuna kucheleweshwa, umepimwa wameona kitu wanakuambia njoo baada ya wiki 6, bima inasumbua, bosi hakupi ruhusa, unarudi baada ya miezi minne. Kwa hiyo usimwambie dada "wewe ni mweusi ndo maana unaogopa", mwambie akipima asilale, afuatilie majibu mpaka mwisho. Wanaume weusi kwenye tezi dume ndo usiseme, wanakufa mara mbili ya wazungu (Kiboko unasikia?).

Lakini sisi tuliohamia ni watu wengine kabisa jamani. Waafrika waliotoka huku kwenye kupima wako nyuma ya weusi waliozaliwa kulekule. Tunafika na hofu zetu kwenye begi pamoja na dagaa.

Na hofu ya wale wenyeji nayo ina sababu usione wanajifanya. Alabama, Tuskegee, 1932 mpaka 1972, serikali ya Marekani yenyewe iliwachukua wanaume weusi kama 600, karibu 400 wana kaswende, wakaambiwa mnatibiwa "damu mbaya", kumbe wanaangaliwa tu ugonjwa unavyowala. Penisilini ilishajulikana inatibu toka miaka ya 40 na hawakupewa. Rais Clinton kaja kuomba radhi 1997 wengi washazikwa. Mzee mmoja niliyekuwa nasali naye alikuwa hakubali hata kutolewa damu, ukimuuliza anakujibu neno moja tu, "Tuskegee". Utamwambia nini?

Sasa sikiliza hii ya Delaware maana niliiona mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye kipimo cha utumbo mpana, ule mpira wenye kamera, weusi waliopima walikuwa asilimia 48, wazungu 58. Jimbo likaanza kulipia wasio na bima, wakaweka na manesi kazi yao ni kukushika mkono: anakupigia simu jioni, anakuelekeza ile dawa ya kuharisha unaianza saa ngapi, anakutafutia wa kukurudisha nyumbani maana wanakulaza usingizi huwezi kuendesha. Kufika 2009 weusi 74, wazungu 74, sawa kabisa. Hakuna aliyebadilishwa rangi pale. Mimi mwenyewe yule nesi alinipigia mara nne, ya tano nikaona aibu nikaenda, wakanikuta na vijinyama viwili wakavikata palepale. Hivyo ndo vingeweza kuja kuwa kansa.

---

Binti_Kinondoni

Wote mnaongea hofu hofu, mbona hamsemi tunavyopokelewa? Mi nilienda hospitali moja hapa mjini sitaitaja, kupima mlango wa kizazi, nina 33 sijazaa. Mlango wa chumba wazi, wanafunzi wamesimama watano, nikabana miguu kwa aibu, nesi akaniambia kwa sauti "mbona kwingine unapanua". Wakacheka. Nilivaa nikaondoka, nililia kwenye bajaji mpaka dereva akazima muziki. Miaka mitatu sijarudi. Sasa ukisikia nimekufa na kansa mtasema mweusi anaogopa kupima?

---

Sista_Mstaafu

@Binti_Kinondoni nakuomba radhi mwanangu kwa niaba ya gauni nililovaa. Huyo angekuwa kwenye zamu yangu asingeisahau siku hiyo. Njoo PM nikuelekeze kwa mtu ambaye anafunga mlango.

---

chuma_cha_pua

Rangi rangi gani bana, ni hela. Bosi wangu Muhindi kila Januari chekapu ya mwili mzima, anaogopa nini wakati wakikuta kitu anapanda ndege. Mi wakinikuta na kitu nauza kiwanja. Bora nisijue.

---

Mzee_wa_Wilmington

@chuma_cha_pua nusu nakubali. Ila kiwanja unakiuza ukichelewa. Kile kidonda cha siki alichosema Sista kinachomwa bure, kikiwa kansa ndo mionzi, dripu, nauli, na aliyekuwa anakuuguza kaacha biashara. Kama hela ndo huna basi wewe ndo wa kuwahi kuliko huyo bosi.

---

Kiboko_wa_Buza

Hiyo PSA bei gani? Nauliza kwa ajili ya rafiki.

---

Sista_Mstaafu

Mwambie huyo rafiki aulize maabara ya karibu, na asiende siku aliyoshinda kwenye baiskeli wala aliyoamkia kwa mke, inaweza kupandisha majibu 😄

---

MamaWawili_Mbagala

Asanteni sana wadau, nimesoma yote. Leo nimempigia dada, kule ilikuwa asubuhi anajiandaa na kazi. Sikumtajia wazungu wala weusi, nimemwambia tu mi nitakaa na wewe kwenye simu toka unatoka nyumbani mpaka unaingia kwenye chumba. Akanyamaza. Akasema anachoogopa sio mashine, anaogopa kuambiwa akiwa peke yake halafu arudi kwenye nyumba haina mtu. Miaka yote hii nilidhani ni ubishi jamani. Barua kaibandua mbele yangu akapiga namba, wamempa Alhamisi ijayo saa tatu yao asubuhi, huku itakuwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni nitakuwa naivisha ubwabwa.

Sasa kabla ya kukata akaniuliza, "na wewe ulipima lini?" Nikamwambia bando linaisha nakupigia baadae 🙈

---

Binti_Kinondoni

Bando 😂😂 Una miaka mingapi?

---

MamaWawili_Mbagala

41. Sijawahi.

---

Binti_Kinondoni

Sista kanielekeza kwa huyo mtu wake, kasema niende Jumatatu asubuhi na mapema. Peke yangu siendi. Nikupitie wapi?

---

MamaWawili_Mbagala

Rangi Tatu, pale stendi ya daladala upande wa wauza machungwa. Saa kumi na mbili na nusu. Nitavaa dera la kijani.