Wauza lenzi pana za mtumba, acheni kutudanganya kwamba "ni kuvuta pete tu"

Wakuu, mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la matangazo. Siuzi kitu. Nina hasira.

Nazungumzia hizi lenzi pana za zamani, zinazoingiza eneo kubwa kwenye picha, 12-24mm na jamaa zake (namba ikiwa ndogo, picha inakuwa pana zaidi), zenye ile pete nene ya mpira. Ukiisukuma mbele uko otofokasi (AF), kamera inatafuta ukali wa picha yenyewe; ukiivuta nyuma uko manuali (M), unautafuta kwa mkono. Muuzaji wa pale Mwanjelwa nilimuuliza kabisa kabla ya kutoa hela: kuna kingine cha kubadilisha? "Kaka, vuta pete, piga picha, kazi imeisha." Imeisha wapi? Matoleo ya baadaye, sawa, pete inatosha. Haya ya zamani lazima uguse sehemu mbili: pete kwenye lenzi, na kale kaswichi ka AF na M kalikojificha kwenye bodi, yaani kamera yenyewe, pembeni ya mdomo inapofungwa lenzi. Ukiiacha swichi kwenye AF, kamera bado inajiona ndiyo bosi wa fokasi, na kwa AF ya kushika mara moja (AF-S) shata, kile kipazia cha kupiga picha, haifunguki mpaka yenyewe iridhike.

Sasa njoo kwenye send-off ya Uyole. Taa za bluu na zambarau, mashine ya moshi imefunguliwa kama wanafukuza mbu, MC anapasua spika. Binti anaingia anacheza na wapambe wake. Otofokasi inaenda mbele, inarudi nyuma, kwa sababu inatafuta mpaka wa mwanga na giza wa kushika na kwenye moshi haupo. Navuta pete, naweka kwa mkono, namwona binti kabisa kwenye kitundu, nabonyeza. Kimya. Nabonyeza tena, mota inakoroma, picha hakuna. Napapasa swichi kwa kidole gumba gizani, na nikiipata binti yuko meza kuu anapanga gauni. Mama mzazi alivyokuja kuchukua albamu: "Baba, mbona mwanangu anaanzia kwenye kiti? Ukumbini aliingiaje?" Ungemjibu nini?

Halafu kuna wale wa kusema, "Mkuu, shika fokasi kwa otomatiki, kisha vuta pete, itabaki palepale." Ya kwangu haibaki. Pete ikirudi nyuma meno yake yanauma kwa kishindo, "tak!", na namba kwenye dirisha la umbali zinasogea mbele ya macho yangu. Fundi kaishika, kaitikisa, kasema hiyo ndiyo asili yake. Asili! Na msije mkaizungusha kwa nguvu wakati bodi bado imeshika skrubu ya fokasi (ndiyo inayopeleka nguvu ya mota ya bodi kwenye lenzi), mtakaolipia gia ni ninyi.

Kundi linaloniudhi kuliko wote ni la "lenzi pana haihitaji fokasi, kila kitu kinatoka kali". Nani kawaambia? Kwa bodi ya sensa ndogo (kile kipande kinachopokea picha), ukiwa 12mm na f/4 (uwazi wa tundu la lenzi), ukaweka fokasi mita 2, kweli kuanzia kama mita 1 mpaka mwisho wa ukumbi uko salama. Vuta zumu mpaka 24mm, f/4 ileile, mita 2 zilezile: kilicho kali ni kati ya mita 1.6 na 2.8 hivi. Bibi wa nyuma kabisa kwenye picha ya ukoo anatoka kama amesimama kwenye ukungu wa Isongole. Lenzi ni hiyohiyo moja!

Kitulo usiku kupiga nyota ndiyo usiseme. Ile alama ya infiniti isikudanganye, pete inapita mbele yake, na ukiisukuma mpaka mwisho nyota zinatoka kama punje za mahindi. Inabidi uwashe skrini, ukuze nyota moja, usogeze kidogokidogo, kisha ubandike selotepu juu ya pete, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mdogo wangu wa Iringa naye kauziwa lenzi ya aina hii kwa ajili ya Nikon D3200. Bodi ile haina mota ya fokasi ndani, na lenzi hizi za skrubu zinategemea mota ya bodi. Kwa hiyo otofokasi hana kabisa, na muuzaji alipopigiwa akasema, "Dogo, si utumie manuali, ndiyo mapro wanavyofanya." Hela kurudisha hataki.

Mnaouza, andikeni kwenye tangazo: lenzi ina mota au haina, swichi ni moja au mbili. Ni maneno machache.

Na mwenye lenzi ya hivi anayepiga kumbi zenye moshi, nijibu hapa: kuna aliyehamisha otofokasi kwenye kitufe cha nyuma, akaiacha shata peke yake, na ikamsaidia? Wa "nunua mirrorless", zile kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, apite kimya, hela hiyo sina.