Magneto, adui wa X-Men kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, alibadilika toleo gani, na mbona hazeeki?

KurasaZaZamani: Katika X-Men la 1 (Septemba 1963) Magneto anateka kituo cha makombora, adui wa kawaida kabisa. Katika toleo la 200 (Desemba 1985) anakabidhiwa shule ya Xavier, mwanzilishi wa X-Men. Kati ya hapo kuna matoleo gani ya lazima? Na kama alikulia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mbona mwili wake ni wa mtu mwenye nguvu zake zote?

Wino_Mweusi: Anza na la 150 (Oktoba 1981), la Chris Claremont na mchoraji Dave Cockrum. Stan Lee na Jack Kirby, waliombuni, hawakumpa historia yoyote. Hata genge lake la 1964 lilijiita Udugu wa Mutanti Waovu (mutanti ni watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida), kana kwamba kuna anayejitangaza mwovu! Katika la 150 nusura amuue Kitty Pryde wa X-Men, binti wa Kiyahudi wa miaka 13, ndipo anatambua amekuwa kama waliomtesa yeye. Lakini usimtakase mapema: toleo hilohilo anaizamisha nyambizi ya Kisovieti iitwayo Leningrad pamoja na mabaharia wake. Kisha soma la 161 (1982), urafiki wake na Xavier huko Haifa.

SumakuMbili: Umri una jibu ndani ya hadithi. Defenders, mfululizo mwingine wa Marvel, la 16 (1974): Alpha, mutanti aliyeumbwa na Magneto mwenyewe, anamgeuza kuwa mtoto mchanga. X-Men la 104 (1977): Erik the Red anamrudisha utu uzima, ila katika ujana wake. Ilikuwa mbinu ya kumweka adui kando tu, lakini ikaja kufaa mara mbili. Kwanza, wahusika wengine wa Marvel husogezwa mbele na wakati, ilhali Auschwitz haisogei kutoka miaka ya 1940. Pili, kwenye kesi ya Paris katika la 200, utetezi unadai kwamba aliyezaliwa upya hahukumiwi kwa makosa ya kabla, na mahakama inakubali. Shtaka la nyambizi linabaki, kwa sababu ni la baadaye.

Wino_Mweusi: Nyongeza: matoleo matatu ya kwanza ya mfululizo mpya wa X-Men wa 1991. Mwanasayansi Moira MacTaggert alichezea jeni za Magneto alipokuwa mchanga, ili atulie. Wengi huishia hapo na kusema wema wake ulikuwa wa kupandikizwa. Endelea hadi la 3: athari hiyo hufutika mutanti anapotumia nguvu zake.

KurasaZaZamani: Na mtoto wa Magneto, Anya? Haonekani kwenye la 104.

SumakuMbili: Hapo ndipo watu hupotea. Classic X-Men la 12 (1987) linachapisha upya la 104, kisha linaongeza hadithi fupi mpya ya Claremont na John Bolton kuhusu kifo cha Anya kwa moto. Isome baada ya la 200, si pamoja na ya 1977. Jina lake la kuzaliwa, Max Eisenhardt, nalo ni la 2008, kwenye Magneto: Testament, ukilitafuta kwa Claremont hutalipata.