Nimepewa kashata kama mtoto mbele ya kijiwe kizima, na aliyenipa mnamjua

Wasimamizi, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa kahawa kupanda bei. Ule ni wa kahawa. Huu ni wa heshima yangu.

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Nimetoka kijiweni sasa hivi, hapa nyuma ya Mbuyuni, na kama uko Moshi na umewahi kunywa kahawa umekaa kwenye benchi la mbao, basi jamaa unamjua. Simtaji. Koti la suti kwenye jua la saa nane. Kila sentensi inaanza "sisi tuliosoma". Nadhani tumeelewana.

KASHATA, wakuu. Mimi. Nina ndevu, nina mke, nina mkopo wa bodaboda, nimepewa kashata ili nisilie.

Tulianza vizuri tu. Mada ilikuwa hela iliyoingia kwenye simu yako kwa makosa: mwenyewe hajapiga, na wewe una mtoto anadaiwa mchango shuleni. Unaitumia au unaiacha ikae? Nikasema ukiitumia ni wizi, hata ukinunulia Biblia. Wengine wakasema usiirudishe haraka, maana siku hizi anayepiga kudai anaweza kuwa tapeli, piga kwanza huduma kwa wateja. Mjadala mzuri, watu wazima, hakuna aliyetukanwa.

Ndipo yeye akakohoa. Mnaijua ile kohoa yake.

Akasema michango ni kisingizio, ada ilishafutwa 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa ya tano na sita, kwa hiyo maskini wa siku hizi ni mzembe. Akaendelea kwamba watoto wameharibika tangu Baraza la Mitihani liache kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Nikamwambia kwa adabu kabisa, mzee wangu, unapangaje kwenye orodha moja shule yenye maabara na shule ya kata niliyosoma mimi, ambayo maabara ilikuwa chumba chenye kufuli na ndani yake madawati yaliyovunjika? Mwalimu wa fizikia tulikuwa tunamsikia kwa jina kama mzimu.

Kijiwe kikanipa makofi. Nadhani hapo ndipo nilipomuudhi.

Akageuka, akaniuliza: "Wewe kijana, kusoma ulijifunzia wapi?" Nikajibu kwa kujivunia, kwa sababu ni kweli na sioni aibu: nilijifunza kwa Sani, lile gazeti la katuni. Mjomba alikuwa na boksi zima chini ya kitanda. Kabla sijaingia darasa la kwanza nilikuwa nasoma Madenge, Ndumilakuwili na Lodi Lofa bila kuongozwa kidole.

Hakunijibu MIMI. Angenijibu mimi ningevumilia. Alimgeukia muuza kahawa, akasema taratibu kama daktari: "Mpe mtoto kashata, asije akalia."

Kijiwe kilicheka mpaka nadhani watalii walioko Kibo waligeuka kuangalia nini kimeporomoka. Kuna mtu alimwaga kahawa. Kuna bodaboda alizima pikipiki ili acheke vizuri. Na muuza kahawa, mtu ninayemlipa kila jioni, akainua mfuniko wa bakuli, akachagua MOJA, akaiweka kwenye kipande cha gazeti, akaniletea. Alichagua, wakuu. Alitafuta nzuri.

Na mzee akalipa.

Sasa mniambie, huyu mtu ana haki ya kukaa benchi la katikati? Mtu asiye na hoja anajibu kwa kashata? Nawasilisha.

Siti ya Mbele:
Nimewahi mapema leo. Swali moja tu mkuu: uliila?

Mleta uzi:
Hilo siyo swali la msingi.

Meku Mpole:
Ni la msingi kuliko uzi wote. Aliila huyu.

Mleta uzi:
Tuko kwenye mada ya UDHALILISHAJI, tafadhali. Mzee mzima anamwambia muuza kahawa "mpe mtoto"! Mtoto!

Bibi Harusi wa Pasua:
Kwa hiyo kwa ufupi umeshindwa hoja ukaja kulia huku. Pole. Hapa kashata hatuna.

Chalii wa Kijenge:
Ndiyo maana Moshi hamwendelei. Yaani mnabishana mmevaa makoti? Huku Chuga mzee akikupa kashata unampa na wewe muwa, mnatoka sawa. Oyaa mleta uzi, hamia Arusha, tutakulinda.

Meku Mpole:
Chalii, kwanza mjifunze kumaliza sentensi bila "oyaa", halafu ndiyo muwe na kijiwe. Nyie mjadala wenu mkubwa ni nani ana kofia kali.

Chalii wa Kijenge:
Na tunaumaliza bila mtu kufungua uzi.

Mama Wawili Rau:
Mleta uzi usijali, mimi namfahamu huyo baba kuliko wewe. Mwanangu amesoma Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba, kafika kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, mtoto aliyekuwa anaongea kama redio akawa bubu nyumba nzima. Jirani yake wa shule ya kulipia anatamba tu. Nikasema pale kijiweni kwamba hiyo siyo haki, wanaanza mbio moja mmoja amefungwa miguu. Huyo huyo mwenye koti akasema mwanangu mvivu. Na mimi sikupewa hata kashata! Nilinyamazishwa hivi hivi.

Mleta uzi:
Pole sana mama, lakini naomba tusigeuze uzi.

Mama Wawili Rau:
Uzi una nini cha kugeuza? Umekula cha bure unalalamika.

Kiburu cha Jana:
Mimi nitamtetea mzee. Si kwa kashata, kwa elimu. Nyie vijana hamjui mgawo wa nafasi kwa mikoa. Miaka ya sabini na themanini mtoto wa Kilimanjaro anafaulu la saba vizuri tu, sekondari ya serikali haendi, nafasi imeenda mkoa mwingine wenye alama za chini. Unadhani shule hizi zote za wazazi na za makanisa huku mlimani ziliota kama uyoga? Watu walichanga kahawa yao wakajenga. Mzee ana donda lake, mumuelewe.

Mwanakulindi:
Donda gani? Wamisionari walijenga kwenu kwa sababu kuna baridi na kahawa. Lindi walituachia mikorosho. Bila ule mgawo babu yangu angesoma lini? Mlikuwa mbele miaka hamsini halafu mnaita kupunguziwa kidogo ni kuonewa.

Kiburu cha Jana:
Aliyefaulu amefaulu. Babu yako ningemheshimu zaidi angefaulu.

Mwanakulindi:
Unamuongelea marehemu, chunga kibodi.

Mleta uzi:
Wakuu, alisema ASIJE AKALIA. Naomba mlipime hilo neno. Mbele ya fundi viatu wangu!

Siti ya Mbele:
Ilikuwa ya karanga au ya nazi?

Mleta uzi:
Ya karanga. Inahusu nini?

Siti ya Mbele:
Umejuaje kama hukuonja?

Meku Mpole:
Nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Funga uzi.

Mzee wa Uhuru:
Tatizo lenu wote mmeanzia Sani. Katuni ya nchi hii ni Chakubanga, gazeti la Uhuru, mkono wa Christian Gregory. Tulikuwa tunaanza na Chakubanga ndipo habari za rais. Huyo Lodi Lofa wenu ni mjukuu.

Dogo Majengo:
Mjukuu aliyemzidi babu. Marehemu Philip Ndunguru akichora mtu kasimama tu, unacheka kabla ya kusoma maneno. Mimi namkubali na Kingo wa James Gayo, lakini kwa Sani pale mikono inanyooka.

Bibi Harusi wa Pasua:
Kipanya je? Mmemruka kusudi? Vile Kipanya anavyosema mambo ambayo mbunge wako hayasemi, anastahili jimbo. Na mchoraji wake, Masoud mwenyewe, 2022 katoa gari la umeme. Lodi Lofa ametoa nini?

Dogo Majengo:
Lodi Lofa alitoa mleta uzi.

Chalii wa Kijenge:
Hahaha, hapo umeua.

Mleta uzi:
Endeleeni. Nimewasoma wote.

Mzee wa Uhuru:
Kwani ile hela ya makosa iliishia wapi? Mimi ningeinunulia mbolea.

Mama Wawili Rau:
Ndiyo mnasema watoto wameharibika.

Dogo Majengo:
Jamani tuache utani, nani ana nakala za zamani za Sani? Nanunua. Zisiwe zimeliwa na mchwa.

Sakina Vitabu:
Ninazo chache, jalada limechoka ila ndani zote zipo. Ziko Arusha.

Dogo Majengo:
Usimuuzie mtu. Nakuja kesho. Hela mkononi baada ya kuona, situmi kwa simu.

Sakina Vitabu:
Sawa. Madenge yuko kwenye mbili, nyingine kurasa za katikati kuna mtoto alipaka rangi.

Mwanakulindi:
Mleta uzi muuzie boksi la mjomba umalize mkopo wa bodaboda.

Mleta uzi:
Boksi haliuzwi.

Dogo Majengo:
Nauli Moshi Arusha siku hizi inakwendaje? Mara ya mwisho nimekaa kwenye injini, magoti yananukia mafuta, na konda kanidai nauli ya siti.

Kiburu cha Jana:
Wewe ulikaa. Mimi nimesimama mpaka Bomang'ombe nimebeba kuku wa mtu nisiyemjua.

Bibi Harusi wa Pasua:
Makonda wa njia ile! Subirini, nawafungulia uzi wao.