Mjadala: Rivolva ya baruti nyeusi inaweza kweli kulinda nyumba usiku?

Mtoa mada, Katuba

Wakubwa kwa wadogo wa Lubumbashi, jambo. Kuna neno limeanza kutugawa kwenye avenyu yetu, na ninalileta hapa ili hata asiye jirani yangu anisahihishe.

Wezi walipita kwetu mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya pili walikuwa na bunduki. Walimfunga mama mmoja mjane kwa kamba, wakabeba simu, televisheni na magunia mawili ya unga aliyokuwa akiuza. Sisi majirani tulisikia. Hakuna aliyetoka. Jumapili tukakutana chini ya mwembe kupanga zamu za usiku, na hapo kijana mmoja fundi wa simu, ambaye nampenda kama mtoto wangu, akatuonyesha picha ya rivolva yenye fremu ya shaba inayong'aa. "Papa, hii ni mfano wa bastola za karne ya 19. Haitumii masasi ya kisasa. Kule Ufaransa mtu mzima anainunua bila kibali. Tuchange, tuagize tatu." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku hiyo naitwa mwoga.

Mimi nimekulia kwenye baruti. Baba yangu alikuwa mwindaji upande wa Kasenga, karibu na mto Luapula, na kabla sijajua kusoma nilijua kushindilia gobori, bunduki inayolishwa kutoka mdomoni, kwa mdeki, ule ufito wake. Nitasema ninachokijua, halafu nanyi mtajibu.

Rivolva ya baruti nyeusi ni gobori lililogawanywa mara sita. Samuel Colt aliipatia hataza yake Marekani mwaka 1836, na zinazoigwa sana leo na viwanda vya Italia ni Colt za mwaka 1851 na 1860, pamoja na Remington wanayoiita ya 1858. Hakuna risasi yenye ganda ya kutumbukiza. Kila tundu la silinda linalishwa peke yake kutoka mbele: kipimo cha baruti, kisha goroli ya risasi inayokandamizwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu mpaka ikwaruzike na kubana, kisha mafuta mazito juu yake. Nyuma unavika fataki, kikofia kidogo cha kuwashia baruti, kwenye kichuchu. Halafu tundu linalofuata, mpaka yaishe sita. Mchana, mezani, mtu aliyezoea anatumia dakika kadhaa. Saa nane ya usiku, umeme umekatika, mtoto analia na mlango unapigwa teke, nani ataimaliza kazi hiyo?

Mtaniambia iwekwe ikiwa imeshindiliwa tayari. Sawa, inawezekana, na ikifungwa vizuri baruti inadumu. Lakini mafuta yakipenya mpaka kwenye baruti, au fataki ikipata unyevu, tundu hilo limekufa, na hutajua mpaka siku unapofyatua ukasikia "tik". Hapa kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili hata nguo kabatini zinaota ukungu. Kuna Mmarekani mmoja maarufu, Wild Bill Hickok, aliyebeba Colt mbili za 1851. Inasimuliwa kwamba alikuwa akizifyatua na kuzishindilia upya kila asubuhi, asiamini baruti iliyolala. Huyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nani atafyatua bastola kila asubuhi hapa Katuba bila polisi kufika?

Kuna na mambo mengine mawili wanayoyajua wanaozitumia. Fataki ikilipuka hupasuka vipande, na kipande kikiangukia ndani ya mtambo, silinda haizunguki tena. Hasa zile Colt zilizo wazi juu. Pili, moto wa tundu moja unaweza kurukia matundu ya jirani, yakafyatuka pamoja wakati hayajaelekea mtutu. Ndiyo sababu ya yale mafuta na ya goroli kubana.

Ila kinachoninyima usingizi mimi ni moshi.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Alfajiri ya baridi, bondeni, upepo hakuna. Baba alimlenga ngiri hatua ishirini mbele yetu akafyatua. Ukuta mweupe ukasimama kati yetu na mnyama, haukusogea. Baba hakujua amempata au amemkosa, nasi tulisimama pale tukisubiri moshi uondoke. Ngiri alitokea ndani ya moshi huohuo, amejeruhiwa, akampasua kaka yangu paja. Kaka anachechemea hadi leo. Hiyo ilikuwa porini, mahali pasipo na kuta. Sasa weka moshi huo kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, mke upande mmoja na watoto upande mwingine. Baada ya risasi ya kwanza, ya pili unampiga nani?

Sisemi haiui. Goroli ya Remington ina uzito wa kama gramu 9 na inatoka kwa kasi ya takriban mita 250 kwa sekunde. Watu wengi walikufa kwa bastola hizi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Anayeiita mapambo anadanganya. Ninachosema ni kwamba inaua bila wewe kuchagua nani.

Na wenye historia wakumbuke. Mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba huko Brussels wa kupiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kilichoachwa kiendelee kuuzwa kwa watu weusi ni bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 1891, Mwami Msiri, mtawala wa Katanga, aliuawa kwake Bunkeya na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliokuja na silaha ambazo sisi tulikatazwa. Jambazi wa leo ana Kalashnikov ya risasi thelathini. Nasi tunataka kuchanga pesa zetu wenyewe tujirudishe mwaka 1890?

Mnasemaje?

Fundi wa simu

Papa, heshima yako iko palepale, lakini nitajibu wazi kwa sababu umenitaja.

Remington haina shida ya kushindilia usiku. Unavuta pini, unatoa silinda iliyoisha, unaweka nyingine iliyojaa. Aliyefanya mazoezi anatumia sekunde, siyo dakika. Na juu yake kuna chuma kinachofunga fremu, kwa hiyo vipande vya fataki havisumbui sana kama kwenye Colt. Umechagua mfano mbaya ili ushinde.

Halafu, nani amesema tutapigana vita? Mwizi hataki kufa. Mlio mmoja tu wa ile kitu na ule moto wake mrefu, anakimbia. Huko Polandi mifano ya silaha zilizobuniwa kabla ya 1885, zinazolishwa baruti na goroli kimoja kimoja, zinanunuliwa bila kibali, na watu wanaziweka nyumbani. Wao ni wajinga?

Na la mwisho, Papa, usikasirike. Usiku ule wote tulisikia mama akilia. Firimbi ilikuwepo, polisi walipigiwa simu, na kamba zilifunguliwa asubuhi. Unaniambia moshi. Mimi naona mikono ya yule mama ilivyovimba.

Mama wa watoto watano, Kampemba

Nimesoma mpaka mwisho na ninauliza jambo ambalo hakuna mwanaume aliyeliuliza: hiyo kitu italala wapi?

Nyumba yangu ina vyumba viwili. Chini ya kitanda analala mtoto wakati wageni wamekuja. Juu ya kabati wanapanda. Mmesema wenyewe iwe imejaa masaa yote. Shemeji yangu aliyewahi kuishika anasema ikianguka nyundo ikiwa imekalia fataki, inafyatuka, ndiyo maana wazee wa zamani waliacha tundu moja tupu. Hiyo Remington ina vijishimo vya kuegeshea nyundo katikati ya matundu, sawa, lakini mtoto wa miaka sita anajua vijishimo? Na kopo la baruti? Jikoni kuna mbabula yenye makala mekundu asubuhi na jioni. Cheche moja tu.

Na huo "moto mrefu" anaousifia fundi, mimi nalala ndani ya chandarua na mapazia ni ya nailoni. Mwizi atakimbia, ndiyo, na nyumba itawaka.

Mume wangu aliniambia nina woga wa kike. Nikamwambia basi alale nayo yeye, chini ya mto wake, mwezi mmoja, tuone.

Mwanafunzi wa sheria

Naongeza upande wa karatasi. Ufaransa, kweli, bastola hizi ziko kundi la silaha ambazo mtu mzima ananunua bila kibali. Marekani, sheria ya mwaka 1968 inaziacha nje ya maana ya "silaha ya moto" kwa ngazi ya taifa, ingawa majimbo yana sheria zao. Lakini Uingereza unahitaji cheti, na Italia yenyewe inayozitengeneza imeachia huru mifano ya risasi moja tu. Rivolva haimo. Kwa hiyo "Ulaya ni huru" si maneno ya kweli.

Na sheria ya Ufaransa haisafiri ndani ya sanduku mpaka mpakani Kasumbalesa. Sisi Kongo tuna sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi, na kumiliki silaha ya moto bila ruhusa ni kosa. Ukikamatwa na hizo tatu, utamweleza askari habari za Samuel Colt?

Kuhusu kujihami, haki hiyo ipo. Mahakama itaangalia kama hatari ilikuwa palepale na kama ulichofanya kililingana nayo. Mwizi aliyepigwa mgongoni akiruka ukuta hatari yake imeshaisha. Gharama za kesi hiyo, avenyu itachanga pia?

Mzee wa Kipushi, mwindaji mstaafu

Mtoa mada amesema kweli juu ya moshi lakini ameonea baruti kidogo. Mimi nimewinda miaka thelathini na gobori moja na lilinikatalia mara chache sana. Siri ni usafi. Masizi ya baruti yanavuta maji hewani, usipoosha siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, ukakausha na kupaka mafuta, kesho kutwa kuna kutu. Mtu wa shamba, peke yake, kilomita nyingi kutoka kwa jirani, akiniuliza panga au rivolva ya namna hiyo yenye ruhusa, namwambia achukue rivolva. Mjini, nyumba zimebanana, kuta za matofali mabichi, hapana. Goroli inapita ukutani kwa jirani.

Fundi, mwanangu, kubadilisha silinda haraka unakosema umekuona kwenye video. Mikono yako umewahi kuiona ikitetemeka?

Mtoa mada

Fundi, sikukasirika. Nilisoma jibu lako mara tatu, na lile la mwisho limenikalia moyoni tangu jana. Ni kweli. Nilisikia, na nilibaki nimeshika kitasa cha mlango. Sitakuja hapa kujitetea.

Lakini nikumbushe usiku ule ulivyokuwa. Firimbi ilipulizwa moja, na mtu mmoja, dakika moja, akanyamaza kwa sababu hakusikia mwingine akimjibu. Kwenye karte (mitaa) nyingine hapa Lubumbashi watu wanapiga masufuria nyumba kwa nyumba mpaka avenyu nzima inaunguruma, na wezi hawajui nani yuko wapi. Sisi hatukuwahi kukubaliana hata nani anaanza. Rivolva tatu zingekuwa kwenye nyumba tatu, na nyumba ya yule mama isingekuwa mojawapo, kwa sababu hana pesa ya kuchanga. Hilo hukulisema Jumapili na hakuna aliyeuliza.

Kuhusu Remington nakubali, ni imara kuliko Colt, na silinda ya akiba ni hoja nzuri. Lakini moshi ni uleule na sheria ni ileile.

Alhamisi tunaanza zamu. Nimenunua firimbi arobaini kwa pesa yangu, kila parseli (kiwanja) moja, ya kwanza ni ya mama. Wewe una betri za simu zilizochoka zimejaa kwenye meza yako ya kazi. Unaweza kutengeneza taa za kuweka juu ya kuta, zinazowaka umeme ukikatika?

Fundi wa simu

Taa ninaweza. Nina betri kama sitini, nyaya ndizo sina. Nitaanza na ukuta wa mama, halafu kwako, halafu pale kona ya kisima.

Ila, Papa, wakija na Kalashnikov wakapiga hizo taa moja moja, tutafanya nini? Sijabadilisha mawazo. Nijibu hilo Alhamisi, mbele ya wote.