Msaada: baraza lina tao mbele, fundi anataka tailizi 95, hesabu yake iko sawa?

Mama_Sakina: Wakuu habari za mchana. Niko Arusha huku Sakina namalizia nyumba, baraza langu mbele lina tao. Fundi kapima upana ukutani kapata mita 6, kasema hii nusu duara, kapiga 3 mara 3 mara 3.14 kagawa kwa 2 ikaja mita za mraba 14.13, kwa hiyo anataka tailizi 95 za sentimita 40 kwa 40 pamoja na za akiba. Mi naona zimezidi mno, maana nikitoka mlangoni hatua moja ndefu tu nishakanyaga nyasi. Hela yenyewe ya kudunduliza, nisaidieni kabla sijaenda dukani.

Mzee_wa_Tepu: Dada shikilia hiyo hela kwanza. Pima kutoka ukutani katikati kabisa mpaka ukingo wa tao. Nusu duara ya upana wa mita 6 lazima ichomoze mita 3, isipofika hapo siyo nusu duara.

Mama_Sakina: Nimepima na kijana wangu sasa hivi, mita 1 kamili.

Ticha_Moshi: Basi hicho ni kijipande cha duara kubwa zaidi. Nusu ya upana ni 3, zidisha yenyewe 9, jumlisha 1 mara 1 unapata 10, gawa kwa 2 mara ile mita 1 iliyochomoza, nusu kipenyo ni mita 5. Kitovu kiko mita 4 nyuma ya ukuta, yaani sebuleni kwako, ndo maana huwezi kukipata kwa kamba ukiwa nje. Sasa 3 gawa kwa 5 ni 0.6, kikokotoo cha simu (kitufe cha sin⁻¹) kinatoa pembe ya digrii 36.87, mara mbili 73.74. Chukua 73.74 gawa kwa 360 mara 3.14 mara 25, inakuja kama 16.1, hicho ni kipande kama cha chapati iliyokatwa toka katikati. Toa pembetatu iliyoingia ndani, 6 mara 4 gawa kwa 2 ni 12. Baraza lako ni mita za mraba 4.1 tu dada yangu!

Kijana_Kaloleni: Kwa haraka piga upana mara kina mara 2 gawa kwa 3, hapo inatoa 4. Ila tao liwe bapa kama hilo, kwenye nusu duara kamili inapunja.

Mzee_wa_Tepu: Usigawe 4.1 kwa 0.16 (eneo la tailizi moja) ukanunua 26, ukingoni zinakatwa. Nimezichora kwenye karatasi, safu 15, za katikati tailizi 3 za pembeni kabisa 1, jumla 35 bila kutumia mabaki. Nunua 40.

Mama_Sakina: Mungu awabariki jamani. Na skatingi ya kuzungusha lile tao?

Ticha_Moshi: 73.74 gawa kwa 360 mara 31.4 (mzingo wa duara zima, 2 mara 3.14 mara 5), ni mita 6.43. Chukua 7.